Kuendesha baiskeli vilimani kuzunguka Mont Ventoux: njia, gia, maji na upepo

Wanaokwenda kusini mwa Ufaransa na baiskeli ya barabarani huwa na jina moja tu kichwani: Mont Ventoux, mlima wa mita 1,910 unaosimama peke yake juu ya mashamba ya mizabibu ya Vaucluse. Kilele ni kazi ya asubuhi moja. Siku zinazobaki ndizo tamu zaidi, kwa sababu chini yake kuna mtandao wa vibarabara vya lami vinavyopita kwenye mizeituni, lavenda, makorongo na vijiji vyenye duka moja la mikate. Mwongozo huu unahusu vibarabara hivyo kwanza, kisha mlima wenyewe.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo: huku siku haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa mita za kupanda na kwa saa ambazo maduka yako wazi. Mtu aliyezoea kilomita 120 za tambarare akipanga kilomita 120 hapa, saa tisa alasiri atakuwa amekaa ukingoni mwa barabara, chupa tupu, na duka la kijijini limefungwa.

1. Chagua kambi moja

Kwa wiki nzima, lala mahali pamoja. Kuhamahama na mizigo hula muda bila kukuongezea njia mpya.

Bédoin, kusini-magharibi mwa mlima, ndiyo kambi ya wengi. Baiskeli za kukodi zipo tele, na njia maarufu ya kupanda Ventoux inaanzia hapo; ubaya wake ni msongamano na bei za Julai na Agosti. Malaucène iko upande wa pili wa kilima kidogo, karibu na majabali ya Dentelles de Montmirail na bonde la Toulourenc, na sisi tungemshauri anayekwenda mara ya kwanza alale hapo. Sault, upande wa mashariki, iko mita 765 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi nzuri na lavenda imeizunguka. Lakini mji umekaa juu ya ukingo wa bonde, kwa hiyo karibu kila safari inaisha kwa kupanda. Buis-les-Baronnies, katika mkoa wa Drôme, ni kwa anayetaka kimya.

Kufika ni rahisi. Treni ya TGV kutoka Paris hadi stesheni ya Avignon TGV huchukua kama saa 2 na dakika 40. Baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90 huhesabiwa kama mzigo; ukitaka kuipakia nzima, lazima treni iwe na nafasi hiyo na ukate tiketi yake mapema. Kutoka Avignon kuna treni ndogo ya TER hadi Carpentras, na baiskeli huingia bila kufunguliwa. Kutoka Carpentras hadi Bédoin ni kama kilomita 15. Anayetoka Afrika Mashariki kwa viza ya Schengen akumbuke kwamba maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Soma vizuri masharti ya bima hiyo: nyingine hazigusi ajali za baiskeli.

2. Chagua mwezi

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi yenyewe. Julai lavenda imechanua na mandhari ni ya ajabu, ila joto la bondeni hufika digrii 35, na ngurumo za alasiri huja ghafla. Ukienda Julai, uwe barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na umalize saa saba mchana. Barabara ya kileleni hufungwa kwa theluji, kwa kawaida kuanzia katikati ya Novemba hadi Aprili au zaidi, na upande wa kaskazini huchelewa kufunguliwa. Chini ya mlima kuna kibao kinachosema *Ouvert* au *Fermé*. Kikisema *Fermé*, usijaribu.

Nyuki wastahili sentensi zao. Wakati wa lavenda wanavuka barabara kwa maelfu, na kwenye mteremko wa kilomita 50 kwa saa nyuki anaweza kuingia kifuani kupitia zipu iliyo wazi. Funga zipu kabla ya kushuka na vaa miwani. Mwenye mzio wa nyuki asiache dawa yake hotelini.

3. Baiskeli: gia kwanza, mengine baadaye

Kosa la kawaida kuliko yote ni gia nzito. Tazama hesabu. Mpandaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 80, mwinuko ni asilimia 9, na anataka kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika, ambayo ni kasi ya chini kabisa inayovumilika kwa magoti. Gia ndogo ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 28 zitamlazimisha kwenda kilomita 9.2 kwa saa, na hilo linahitaji kama wati 180 za kuinua uzito tu. Akibadilisha ya nyuma ikawa meno 34, kasi inashuka hadi 7.6 na nguvu inashuka hadi karibu wati 150. Wati 30 kwa muda wa saa moja na nusu ndiyo tofauti kati ya kufika na kusukuma kwa miguu.

Kwa hiyo mbele meno 50 na 34, nyuma meno 11 hadi 34. Ukibadilisha gia za nyuma kutoka 28 kwenda 34, angalia mambo mawili: urefu wa mnyororo, na kama kibadilishaji cha nyuma chenye mkono mfupi kinaweza kubeba meno 34. Vingi vya zamani haviwezi. Gurudumu dogo la juu la kibadilishaji litasaga kwenye meno, au mnyororo utakaza hadi uvunje kitu. Fundi akutazamie kabla ya safari, si ukiwa Bédoin Jumapili.

Tairi za milimita 28 zinatosha. Kwa mtu wa kilo 70, tia bar 5 nyuma (psi 72 hivi) na 4.7 mbele (psi 68). Wengi bado hujaza psi 110 kwa mazoea ya tairi nyembamba. Kwenye lami ya mashambani ya Ufaransa, ambayo ni kokoto zilizogandishwa kwenye lami, tairi gumu namna hiyo hurukaruka, huchosha mikono na hushika vibaya kwenye kona.

Breki za diski: toa pedi utazame. Zikibaki chini ya milimita 1 ya kitu cha kusugua, badilisha. Breki za rimu: mpira usiwe umegeuka kioo wala kuwa na chembe za alumini ndani yake, na tyubu ziwe za mpira wa kawaida. Zile za lateksi hupasuka rimu ikipata moto.

Sasa jambo linalowaumiza hasa watu wa Kenya, Tanzania na Uganda. Kwetu, kama Uingereza, mkono wa kulia kwa kawaida unashika breki ya mbele. Ufaransa ni kinyume: kulia ni nyuma, kushoto ni mbele. Ukikodi baiskeli na ukaibana kwa nguvu kwa mkono wa kushoto ukidhani unashika ya nyuma, gurudumu la mbele litasimama na wewe utaendelea. Kabla ya kuondoka dukani, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja uone. Kama ni tofauti na ulivyozoea, mwombe fundi abadilishe. Kwa breki za waya ni kazi ya dakika chache. Kwa za mafuta ni ndefu na pengine atakataa, hapo zunguka uwanjani kwa nusu saa ukijizoeza kufunga breki kabla ya kugusa mteremko wowote.

Ukikodi, peleka vipimo vyako: urefu kutoka katikati ya mhimili unaozungusha mikono ya pedali hadi juu ya kiti, na kutoka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani. Chukua pedali zako na viatu vyako.

Mfukoni: tyubu mbili, viraka na solusheni, vijiti viwili vya kubandua tairi, pampu, spana ndogo za kukunja zenye kikata mnyororo, kiungo cha haraka cha mnyororo kinacholingana na idadi ya gia zako, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika kibadilishaji cha nyuma kwenye fremu. Hicho cha mwisho kina maumbo mengi sana, na duka la kijijini haliwezi kuwa nayo yote.

4. Chora njia kwa jicho lako

Barabara za mashambani zina herufi D na namba. Kwenye ramani ya Michelin, nyekundu ni barabara kubwa, njano ni ya kati, nyeupe ni ndogo. Wewe unatafuta nyeupe na njano. Alama za mshale zilizochorwa juu ya barabara kwenye ramani hiyo ndizo mwinuko: mshale mmoja ni asilimia 5 hadi 9, miwili ni 9 hadi 13, mitatu ni zaidi ya 13. Mshale huelekea juu ya mlima.

Programu za simu husaidia, lakini usiziachie zichague peke yake. Huwa zina makosa mawili: zinakupitisha D938, barabara ya malori kati ya Carpentras, Malaucène na Vaison-la-Romaine, kwa sababu ni fupi; au zinakupeleka kwenye njia ya msituni isiyo na lami kwa sababu kwenye ramani inaonekana kama barabara. Fungua picha za angani za IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, utazame kila kipande usichokijua. Kisha pakua ramani kwenye simu, kwani ndani ya makorongo mtandao hupotea.

Muda uhesabu hivi. Chukua jumla ya mita za kupanda, gawanya kwa 600. Hizo ni saa za kupanda kwa mtu wa mazoezi ya kawaida. Mita hizohizo ukizigawanya kwa 50 utapata takriban kilomita zinazoliwa na milima, kwa kukadiria mwinuko wa asilimia 5. Kilomita zinazobaki zigawanye kwa 25. Mfano: kilomita 100 zenye mita 1,600 za kupanda. Kupanda ni saa 2 na dakika 40, milima inakula kilomita 32, zinabaki 68 ambazo ni saa 2 na dakika 43. Jumla saa 5 na dakika 23. Ongeza saa moja ya kusimama. Ukiondoka saa moja asubuhi utarudi saa saba na nusu, kwa hiyo chakula cha njiani lazima kinunuliwe kabla ya saa sita na nusu mchana.

5. Njia zenyewe

*Siku ya kwanza: Dentelles, kama kilomita 50.* Kutoka Bédoin panda Col de la Madeleine, mita 448, ambao ni mpito mdogo tu, ushuke Malaucène. Toka kwa D90 kwenda Suzette, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa kilima na mizabibu pande zote, kisha shuka Lafare na Beaumes-de-Venise, urudi kwa Aubignan na Caromb. Kuteremka kutoka Suzette ni kwa kona kali na barabara ni nyembamba, na mbele yako anaweza kutokea mkulima na trekta. Siku hii ni ya kuzoea upande wa kulia wa barabara na breki. Usiigeuze mashindano.

*Korongo la Nesque, kama kilomita 75.* Hii ndiyo njia tungeichagua kama ingebidi kuchagua moja tu. Bédoin, Flassan, Villes-sur-Auzon, kisha D942 inaingia korongoni na kupanda taratibu kwa karibu kilomita 20, wastani wa asilimia 2 hivi, hadi kituo cha kutazamia cha Castellaras, mita 734, kinachokabiliana na jabali la Rocher du Cire ng'ambo ya pengo. Barabara imechimbwa ukingoni mwa upande wa kaskazini. Maana yake ni kwamba ukipanda uko upande wa shimo, unaona kila kitu. Ukishuka uko upande wa mwamba, na mawe madogo huwa yamedondoka palepale gurudumu lako linapopita. Kuna vichuguu vifupi vilivyochongwa kwenye mwamba: ukitoka juani macho hayaoni kitu kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo washa taa ya nyuma tangu Villes na punguza mwendo kabla ya kuingia. Kati ya Villes na Monieux usitegemee duka wala bomba. Chupa mbili zijae.

Kutoka Monieux endelea Sault kwa chakula, kisha rudi kwa D1 kupitia Col des Abeilles, mita 996. Barabara hii ni pana na magari yanakwenda kasi, ila inashuka vizuri hadi Villes. Asiyependa magari arudi kwa korongo lilelile. Halichoshi kutazamwa mara mbili.

*Kuzunguka mlima mzima, kama kilomita 100.* Bédoin, Col de la Madeleine, Malaucène, Entrechaux, kisha ingia bonde la Toulourenc kwa D40. Hapo uso wa kaskazini wa Ventoux unasimama kuliani kwako, na kijiji cha Brantes kimening'inia ubavuni upande wa pili. Endelea hadi Montbrun-les-Bains, panda Aurel, shuka Sault, na umalizie kwa Nesque, Villes, Flassan, Bédoin. Izungukie kwa mwelekeo wa saa, yaani hivyo ilivyoandikwa. Sababu ni mistral, upepo unaotoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Ukienda hivi unaupata usoni mwanzoni tu, ukiwa na nguvu. Bonde la Toulourenc unakusukuma kwenda mashariki, Montbrun hadi Sault unakuwa mgongoni, na korongo linakukinga. Ukigeuza mwelekeo utapigana nao alasiri yote.

*Baronnies.* Kutoka Buis-les-Baronnies kuna Col d'Ey, mita 718, mpito mpole wenye mwinuko wa asilimia 5 hivi, na Col de Fontaube, mita 635, unaounganisha bonde la Ouvèze na la Toulourenc. Siku ndefu ni kuufuata mto Ouvèze hadi Saint-Auban-sur-l'Ouvèze na Montauban-sur-l'Ouvèze, kisha kupanda Col de Perty, mita 1,302, na kurudi njia ileile. Kwenda tu ni kama kilomita 35. Magari ni machache sana. Nunua mikate Buis.

6. Mlima wenyewe

Kuna njia tatu za lami. Kutoka Sault ni kilomita 26 na kupanda kwa jumla mita 1,200 hivi: unaanza kwa kushuka kidogo kwenye lavenda, kisha asilimia 4 hadi 5 hadi Chalet Reynard, mgahawa wa njiani, na kilomita 6 za mwisho zilizo wazi. Anza na hii. Kutoka Bédoin ni kilomita 21 na mita 1,600. Kilomita 5 au 6 za kwanza ni za kudanganya. Kona ya Saint-Estève ndiyo mlango, na kuanzia hapo msitu unakushika kwa asilimia 9 hadi 10 bila kupumzika hadi Chalet Reynard. Wengi wanaoshindwa, walishindwa kabla ya Saint-Estève, walipokuwa wanakwenda kilomita 22 kwa saa wakijisikia wazima. Kutoka Malaucène urefu na mita ni karibu sawa na Bédoin, ila mwinuko haulingani: vipande vya kupumzika vinafuatwa na vya asilimia 11 na 12.

Mwaka 2016 Tour de France ilipanga kumalizia kileleni tarehe 14 Julai. Upepo ulikuwa mkali mno, na mstari wa kumalizia ukashushwa hadi Chalet Reynard, kilomita 6 chini. Ndiyo siku ile Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na David Kinjah, alipogongana na pikipiki kwenye umati akabaki anakimbia kwa miguu na viatu vya pedali. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshinda palepale juu. Ikiwa waandaaji wa mashindano makubwa kuliko yote walikata kilomita 6, wewe huna sababu ya kulazimisha. Mistral ikivuma zaidi ya kilomita 60 kwa saa bondeni, fanya njia ya korongo siku hiyo. Juu kabisa, kabla ya kona ya mwisho, kuna mahali panaitwa Col des Tempêtes, na upepo wa ubavuni hapo huangusha watu wazima.

Kileleni ni baridi kuliko Bédoin kwa digrii 10 na zaidi, hata bila upepo. Umepanda umelowa jasho, kisha unashuka kwa kilomita 60 kwa saa. Koti jembamba la upepo, mikono ya kuvaa na glavu ndefu ziwe mfukoni hata Julai. Ukisahau, gazeti lililowekwa kifuani chini ya jezi linafanya kazi.

7. Maji na chakula

Kunywa nusu lita hadi robo tatu lita kwa saa; kwenye joto kali fikisha lita moja. Vijiji karibu vyote vina chemchemi. Ikiandikwa *eau potable*, kunywa. Ikiandikwa *eau non potable*, jimwagie kichwani tu. Ukikosa, makaburi ya kijiji huwa na bomba karibu na lango, na waendesha baiskeli wa Kifaransa wanalitumia bila aibu.

Wanga gramu 60 kila saa, kuanzia saa ya kwanza, kabla njaa haijaja. Ndizi moja ina kama gramu 25. Tende kubwa tatu zinakaribia 50, haziyeyuki kwenye joto, na zinauzwa katika masoko ya Ufaransa. Hatujui chakula cha mfukoni kinachozishinda.

Duka la mikate hufunguliwa karibu saa moja asubuhi, hufungwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa au kumi, na mara nyingi huwa na siku nzima ya mapumziko, aghalabu Jumatatu. Jumapili alasiri kila kitu kimelala. Migahawa hupokea wateja wa mchana saa sita hadi saa nane. Waislamu wajue kwamba *jambon*, *lardons* na mara nyingi *saucisson* ni nguruwe, na vipande vya *lardons* hufichwa ndani ya mikate na keki za chumvi. Uliza *sans porc?* kabla ya kulipa. Na uingiapo dukani anza na *bonjour*. Asiyesalimu huhudumiwa kwa uso wa mbao, hilo sisi halitupi tabu kulielewa.

8. Sheria na adabu za barabarani

Unaendesha kulia. Kwa aliyezoea kushoto, hatari haiko kwenye msongamano, bali unapoanza tena baada ya kusimama kupiga picha au kununua mkate, barabara ikiwa tupu na haina mstari wa katikati. Jifunze kusimama upande wa kulia daima, ili ukianza uko ulipopaswa. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa, na walio ndani wana haki. Ndani ya vijiji, pasipo na alama, anayetoka kuliani ana haki ya kupita hata kama anatoka kwenye kichochoro.

Vidude vya sauti vya masikioni ni marufuku, na kushika simu mkononi pia. Faini ni yuro 135. Kengele na viakisi mwanga ni lazima, na nje ya miji usiku au kwenye ukungu fulana ya kung'aa ni lazima. Kofia ngumu inalazimishwa kwa walio chini ya miaka 12 tu. Wewe vaa. Madereva wanatakiwa kukuachia mita 1.5 wakikupita nje ya mji, na kwa kweli wengi wanafanya hivyo. Nanyi mkienda wawili bega kwa bega, rudini kwenye mstari mmoja gari likitaka kupita.

9. Kushuka

Usishike breki mfululizo. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili rimu au diski ipate hewa. Punguza mwendo wote kabla ya kona, achia ukiingia, na tazama unakotaka kutokea. Kona za kuliani ndizo zinazobana zaidi kwa sababu uko ndani yake. Anayeingia kwa kasi hujikuta upande wa gari linalopanda.

Kibao cha *gravillons* kichukulie kama amri. Kiangazi wanarekebisha barabara kwa kumwaga lami na kokoto juu yake, na kokoto hukaa legelege kwa siku kadhaa. Pita pale magari yalipozifagia, usiinamishe baiskeli, usifunge breki ya mbele kwenye kona. *Chaussée déformée* ni mashimo na mabonde. *Route barrée* ni barabara iliyofungwa, na huku mara nyingi wanamaanisha kweli: ukuta umebomoka au daraja linajengwa, na kurudi ni kupanda tena.

10. Mambo yakiharibika

Pancha: kabla ya kutia tyubu mpya, pitisha vidole ndani ya tairi polepole. Mwiba au kijiwe kilichobaki kitatoboa ya pili dakika tano baadaye. Ukiona matundu mawili yamekaa sambamba kwenye tyubu, hewa ilikuwa ndogo na rimu ndiyo iliyobana. Tairi likichanika, weka kipande cha tyubu ya zamani au noti iliyokunjwa ndani ya mchaniko, jaza hewa kidogo, uende nyumbani taratibu. Tyubu dukani huitwa *chambre à air*. Taja ukubwa, 700×28, na urefu wa valvu.

Kibadilishaji cha nyuma kikivunjika, kitoe, kata mnyororo uufupishe, uupitishe kwenye gia ndogo ya mbele na moja ya katikati nyuma, na utakuwa na baiskeli ya gia moja ya kushukia hadi kijijini.

Mtu akiumia, piga 112. Jibu la kwanza wanalotaka ni mahali: soma namba ya D na namba iliyoandikwa kwenye kigingi cha kilomita kilicho karibu, kisha kijiji cha mwisho ulichopita. Ikiwa simu haina mtandao korongoni, mmoja abaki na majeruhi na mwingine ashuke, si apande, kwani bondeni ndiko kwenye watu. Asiyeweza kuzungumza au kusikia atume ujumbe mfupi kwa 114.